Dakika Arobaini

Mama alicheka hadi akakaa chini:
"Miaka miwili Mlimani, na cherehani tumeiuza kwa ajili ya ada,
ndiyo wanakufundisha kufunga kamba?
Mbuzi wa babu yako walikuwa wakifungwa na nani?"

Sikumjibu. Nilikuwa na fundo la nane mkononi,
nimelifunga kwenye nguzo ya kitanda, nimelifungua,
nimelifunga tena umeme ulipokatika,
maana mtihani wake ulikuwa wa kufumba macho.

Kozi yenyewe jina lake refu kuliko njia:
Stadi za Nyikani na Uongozi wa Msafara.
Jumamosi tukaenda msitu wa Pugu, wanafunzi kumi na mmoja,
buti za mtumba kutoka Ilala.
Lugano kushoto kavaa arobaini na mbili, kulia arobaini na tatu,
anasema hata ardhi haiko sawa.

Zamu ya kuongoza ilikuwa yangu.
Dira shingoni kama hirizi.
Mwalimu Mwakalobo alisema neno moja, "Haya,"
kisha akarudi nyuma ya mstari,
hatua ishirini nyuma ya wa mwisho,
daftari kwapani,
mdomo kaufunga kwa fundo nisilolijua.

Mwanzo nilipendeza.
Nilisoma kontua kwa sauti, hapa bonde, pale kilima,
na bonde likatii, na kilima kikatii,
hadi tulipofika kijito
ambacho ramani haikuwa nacho.

Nilijua. Miguu ilijua kabla yangu.
Lakini watu kumi walikuwa nyuma yangu,
nikaona aibu kuinamia ramani mara ya nne.
Nikasema "Kushoto," kwa sauti ya mtu anayekwenda kwao.
Wakaenda. Hilo ndilo linaloniamsha usiku:
walikwenda.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga.
Yangu ilikuwa na upupu, siafu, korongo,
na mvua iliyoingia bila hodi.
Kokubelwa aliteguka kifundo cha mguu, akanyamaza
asije akanivunjia heshima.
Shukuru alikuwa akipiga mluzi, halafu akaacha.
Kuna ukimya wa watu kumi wanaokuamini,
na kuna ukimya wa watu kumi walioacha.
Wa pili husikii unapoanza;
ni betri ya kurunzi, inafifia tu.

Nikageuka, maji yananitiririka puani.
"Jamani," nikasema, "sijui tulipo."

Nilidhani mbingu itashuka.
Nyangeta akatua mzigo.
Nyangeta, ambaye muhula mzima hakunyoosha mkono darasani,
akasema, "Sss. Sikilizeni."
Mbali, upande wa bega lake la kulia, honi ya treni.
"Reli tuliivuka asubuhi, ikabaki kusini,"
akachora kwenye tope kwa kijiti,
nasi tukainama, vichwa kumi na kimoja, juu ya kijiti kile.
Nikampa dira.
Nikampa Kokubelwa bega langu,
tukachechemea mkiani mwa msafara,
hatua ishirini mbele ya daftari.

Jumatatu karatasi ilirudi.
Mafundo, tisa. Kuwasha moto kwenye unyevu, saba.
Uongozi, sita.
Pembeni, kwa penseli: *Umechelewa dakika arobaini.*
Nikapanda ngazi hadi ofisini kwake kulalamika:
kambini tulifika kabla ya saa kumi na mbili,
Lugano ana saa, ni shahidi.
Akanitazama juu ya miwani.
"Nani kasema kambini?"

Mama bado anacheka. Jana, mawingu yalipojikusanya,
nilimfungia turubai la genge lake pale Tandika.
Akaivuta kamba kwa mikono miwili, ikakataa.
"Na hili fundo linaitwaje?"
Nikafungua mdomo. Jina limenitoka.
"Sijui, mama," nikasema,
haraka.